Jengo lililojengwa ili lisihitajike: kisa cha sanatoria ya Zonnestraal

Almasi haisuguliwi ikiwa mkononi. Katika karakana za Amsterdam mwanzoni mwa karne iliyopita, fundi aliitia ndani ya kikombe kidogo chenye mchanganyiko laini wa bati na risasi, jiwe likajitokeza kwa juu tu, na nyuma ya kikombe ukatoka mkia wa shaba. Akitaka kubadili pembe ya jiwe kwenye gurudumu la kusugulia, aliupinda ule mkia kidogo. Leo aupinde huku, kesho kule, mwisho shaba inachoka na kukatika. Vipande vilikuwa takataka.

Sanatoria ninayoichambua hapa, yaani hospitali ya kulaza wagonjwa wa kifua kikuu, ilianzia kwenye vipande hivyo. Ipo Hilversum, Uholanzi, na jina lake, Zonnestraal, maana yake ni mwale wa jua. Nimelitaja jengo kwa jina, pamoja na watu ambao habari zao ni za hadhara. Wagonjwa waliolala humo sitawatambulisha, wala sitasimulia habari ya mmoja mmoja wao.

Usuli

Wakata almasi wa Amsterdam walikuwa maelfu, wengi wao Wayahudi, na kifua kikuu kiliwala. Walikaa siku nzima wameinama, bega kwa bega, kwenye vyumba vyenye vumbi na hewa iliyotuama. Kukohoa kwa mmoja kulikuwa ni kwa wote. Daktari Mjerumani Robert Koch alikwisha kumtambua mdudu wa ugonjwa huu mwaka 1882, lakini kumjua mdudu si kuwa na dawa yake. Kwa miaka sitini iliyofuata, alichoandikiwa mgonjwa hasa ni kupumzika, chakula kizuri, hewa safi na jua. Mwenye fedha alikwenda milimani Uswisi. Msugua almasi angepata wapi nauli ya huko?

Mafundi hawa hata hivyo walikuwa na chama imara. Kilianzishwa mwaka 1894 chini ya Henri Polak, na ofisi yake kuu mjini Amsterdam ilichorwa na msanifu mashuhuri H. P. Berlage. Mwenzake Polak katika uongozi, Jan van Zutphen, ambaye wafanyakazi walimwita Ami Jan, ndiye aliyeviangalia vile vipande vya shaba akaona hospitali. Mwaka 1905 ulianzishwa Mfuko wa Vijiti vya Shaba. Vipande vilikusanywa karakana kwa karakana, vikauzwa, na fedha ikawekwa kwa ajili ya wagonjwa wa kifua.

Ukitaka kujua kwa nini jengo limekaa vile lilivyokaa, anza na fedha hii. Haikuwa ya serikali wala ya tajiri mwenye huruma. Ilitoka kwa wafanyakazi wenyewe, kipande kwa kipande, na kila aliyekuja kuchora au kujenga alijua kwamba hapa hapana senti ya kuchezea.

Mfuatano wa mambo

Mwaka 1919 kilinunuliwa kiwanja kikubwa chenye miti na nyasi nje ya Hilversum, mbali na moshi wa mji. Kwa ushauri wa Berlage, kazi ya kuchora wakapewa vijana wawili, Jan Duiker na Bernard Bijvoet, wakisaidiwa na mhandisi Jan Wiebenga aliyelijua zege kuliko wengi wa wakati wake. Jengo kuu lilifunguliwa mwaka 1928 pamoja na bweni la kwanza. Bweni la pili likamalizika miaka michache baadaye. Duiker alifariki mwaka 1935, akiwa na miaka 44 tu.

Kisha vita. Utawala wa Kinazi uliwachukua Wayahudi wa Amsterdam na kuwaua, wakiwemo wengi wa mafundi wa almasi na familia zao. Ninalitaja hilo hapa kwa sababu wapo wanaoliandika jengo hili kana kwamba lilipoteza watumiaji wake kwa maendeleo ya tiba peke yake. Jamii iliyokusanya shaba ile iliangamizwa.

Dawa zilifika karibu wakati huohuo. Streptomaisini ilitangazwa mwaka 1944, isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952, na zikichanganywa zilimponya mtu ambaye zamani angelazwa miaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Zonnestraal ikaacha kuwa sanatoria ikageuzwa hospitali ya kawaida. Miaka ikapita. Hospitali ilihitaji vyumba zaidi, majengo mengine yakaongezwa huku na kule, madirisha yakang'olewa na kubadilishwa, kuta zikasogezwa. Mwaka 1993 hospitali ikahama.

Mabweni yalianza kuanguka. Moja lilisimama gofu kwa miaka mingi: nguzo na sakafu zilizobaki wazi, nyasi zikiota mahali pa vitanda.

Kazi ya kulirudisha jengo kuu iliongozwa na wasanifu Hubert-Jan Henket na Wessel de Jonge, ikakamilika mwaka 2003. Mabweni yalifuata baadaye.

Maamuzi, na sababu zake

*Kujenga kwa muda.* Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote. Wenye chama na wasanifu wao waliamini kwamba kifua kikuu kitamalizwa ndani ya miaka kama 30 hadi 50. Ikiwa hivyo ndivyo, kwa nini fedha ya wafanyakazi izikwe kwenye kuta nene zitakazobaki zimesimama wakati ugonjwa umekwisha? Jengo litoshe kwa umri wa kazi yake, basi. Duiker aliliona hili kama suala la heshima: kutumia mali kidogo kabisa inayoweza kubeba kazi, na kutokuficha kitu chini ya pambo.

Ukilitazama kwa karibu unaliona wazo hilo limekuwa zege. Nguzo ni nyembamba. Boriti ni nene pale juu ya nguzo, ambapo mzigo ni mkubwa, kisha inapungua kadiri inavyotokeza nje, mpaka mwisho wake inakuwa kama ncha ya upawa. Hakuna aliyeipunguza kwa ajili ya urembo. Hesabu ya mzigo ndiyo iliyochora umbo. Vipimo vyote vinafuata mita tatu: upana wa chumba mita tatu, nafasi kati ya nguzo mita tisa, yaani tatu mara tatu. Kuta zisizobeba kitu ni plasta tu iliyopakwa juu ya wavu wa chuma. Kwingine kote ni kioo ndani ya fremu nyembamba za chuma.

*Kila mgonjwa na chumba chake na kibaraza chake.* Mabweni yamekunjwa katika mabawa mawili yaliyoachana kama mikono inayokaribisha mgeni, vyumba vikitazama jua na ujia ukiwa upande wa nyuma. Mgonjwa alitolewa na kitanda chake mpaka kibarazani, akalala hapo akitazama miti. Fundi aliyezoea kukaa kumi kwenye benchi moja, hapa alipewa mlango wa kufunga. Sijui kama kuna namna nyingine ya kumwambia mfanyakazi kwamba maisha yake yana thamani iliyo wazi kuliko hiyo.

*Karakana ndani ya sanatoria.* Uongozi ulijua hatari ya kumtoa mtu kitandani na kumrudisha moja kwa moja kwenye kazi ya saa nyingi. Angerudi baada ya miezi akiwa hoi zaidi. Kwa hiyo mgonjwa aliyepata nafuu alianza kufanya kazi hapohapo, saa chache kwanza, zikiongezwa taratibu chini ya macho ya daktari, mpaka mwili uzoee. Wanaolisifu jengo husahau mara nyingi sehemu hii kwa kuwa haipigiki picha vizuri. Kwangu mimi ndiyo iliyokuwa na busara kuliko zote.

*Kulifanya hospitali badala ya kulifunga.* Hapa hapakuwa na uamuzi mmoja wa siku moja. Kulikuwa na majengo, madaktari na vitanda, na mji ulihitaji hospitali. Yeyote angefanya vilevile. Ila tangu hapo jengo lililochorwa kwa kazi moja na kwa umri mfupi likabebeshwa kazi nyingine bila kikomo cha umri.

*Kulirudisha, au kuliacha life?* Katika miaka ya 1980, Henket na de Jonge walipoanza kulichunguza, hoja ya kuliacha ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana leo. Mchoraji mwenyewe hakutaka lidumu. Je, si kumheshimu ni kuliacha limalize siku zake? Lipigwe picha, lipimwe kila kona, michoro itunzwe, kisha liachwe. Mjadala huo ulizaa jambo kubwa: mwaka 1988 wasanifu haohao walianzisha Docomomo, jumuiya ya kimataifa ya kuweka kumbukumbu za majengo ya usasa na kuyahifadhi. Kuweka kumbukumbu kumetangulizwa katika jina lenyewe (“do” ya mwanzo ni documentation ya Kiingereza), kwa kuwa walikubali kwamba mengine hayatahifadhika.

Kwa Zonnestraal wakaamua kulirudisha. Sababu yao ninaikubali: michoro na picha zingeonyesha umbo lake tu. Wepesi ule, mtu asimame ndani na kuhisi kama yuko nje, hauingii kwenye karatasi.

*Kioo.* Uamuzi mdogo huu ndio ninaoupenda. Kioo cha miaka ya 1920 kilivutwa kikiwa bado cha moto, kikatoka na mawimbi madogo yasiyohisika kwa kidole ila jicho linayaona. Mti ukijitokeza ndani yake unacheza kidogo unapopita. Kioo cha siku hizi humiminwa juu ya bati lililoyeyushwa, kinatoka sawa kama maji ya mtungi usioguswa. Ukikitia kwenye jengo ambalo karibu lote ni kioo, jengo linakuwa kama duka la magari. Wahifadhi walitafuta mahali ambapo kioo cha kuvutwa bado kinatengenezwa, wakakipata Lithuania.

Matokeo

Nyongeza za miaka ya hospitali zikaondolewa kwenye jengo kuu. Fremu nyingi za mwanzo zilikuwa zimekwisha kutolewa, zikatengenezwa mpya kwa wembamba uleule na kupakwa rangi ya buluu hafifu. Ukumbi wa kulia chakula ghorofani, ule wenye umbo la msalaba na kioo pande zote, ukapata mwanga wake. Jengo likarudi kwenye matumizi, huduma za afya zikiwemo. Mwaka 2010 kazi hiyo ikapewa tuzo ya shirika la World Monuments Fund ya uhifadhi wa majengo ya usasa.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Utabiri wa wenye chama ulikuwa sahihi. Hilo lisemwe kwanza, maana wapo wanaouchukulia uamuzi wa kujenga kwa muda kama kosa la vijana waliopenda wembamba kupita kiasi. Walisema miaka 30 hadi 50, na baada ya miaka 30 sanatoria haikuhitajika tena kwao. Ni mradi gani wa afya unaoweza kujisifia hesabu kama hiyo?

Walichokosea ni kwamba walipanga mwisho wa ugonjwa bila kupanga mwisho wa jengo. Hapakuwa na maelekezo: likiisha kazi, livunjwe? Ligawiwe nani? Nani atalipa? Kitu cha muda kisichokuwa na tarehe ya kuondoka huhamia kwenye kudumu bila mtu kukiruhusu. Tunayajua haya kwetu. Madarasa ya muda yaliyojengwa kusubiri shule mara nyingi ndiyo yanayokuwa shule.

Zege nalo lilikuwa na hesabu yake. Zege zima huilinda nondo isipate kutu, kwa kuwa lina hali inayofanana na ya chokaa. Hewa ukaa inapenya polepole kutoka nje, na kila inapofika ulinzi ule unakwisha. Ikiifikia nondo, kutu inaanza, nondo inavimba, zege linapasuka na kudondoka vipande. Aliyewahi kutembea chini ya vibaraza vya maghorofa ya zamani karibu na bahari anazijua hizo alama, ingawa huko chumvi huharakisha mambo. Unene wa zege juu ya nondo ndio muda ulionao. Wembamba wa Zonnestraal, ambao ndio uzuri wake, ndio pia saa iliyokuwa ikihesabu. Kwa umri waliokusudia, saa ile ilitosha. Kwa hospitali iliyoendelea mpaka 1993, haikutosha.

Kuhusu urekebishaji, kuna jambo ambalo tuzo haikuliondoa. Sehemu kubwa ya unachokigusa leo si ile aliyoiona Duiker. Fremu ni mpya, kioo ni kipya, plasta mpya. Kilichohifadhiwa ni wazo na vipimo vyake zaidi kuliko mali yenyewe. Kwa msikiti wa kale wa matumbawe au nyumba ya mawe ya Lamu ningelipinga jambo hili kwa nguvu, kwa sababu huko mkono wa fundi umo ndani ya jiwe. Hapa ninalikubali. Duiker alichagua vitu vya kiwandani akijua vinaweza kubadilishwa, na aliyekileta kioo chenye mawimbi kutoka Lithuania alikuwa mwaminifu zaidi kwake kuliko ambaye angebakiza fremu mbovu na kuzitia kioo cha kisasa.

Kuchelewa kwa urekebishaji huo, hata hivyo, sikubaliani nako. Hospitali ilihama kabla hajapatikana mwingine wa kuingia. Jengo tupu lenye kuta za plasta juu ya waya haliwezi kusubiri muongo mzima, na gofu la bweni lile lilikuwa ushahidi. Ningekuwa na neno moja la kumwambia mwenye jengo la aina hii, ningemwambia atafute mpangaji kabla ya kutafuta msanifu. Na mpangaji awe anayefanana na jengo. Huduma za afya zilifaa kwa kuwa vyumba vidogo vyenye dirisha kubwa na ujia mmoja havihitaji kubomolewa ili mtu apimwe humo. Angeingia mwenye kuhitaji kumbi kubwa na hewa ya mashine, kila ukuta ungekuwa ugomvi.

Linabaki swali la tiba yenyewe: je, jengo liliponya? Mwaka 1959 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Madras, India, ambako wagonjwa walipewa dawa zilezile, wengine wakilazwa sanatoria na wengine wakibaki nyumbani kwao, kwenye makazi duni. Walipona karibu sawasawa. Basi hewa, mapumziko na kitanda kibarazani havikuongeza kitu cha maana mtu akishapata dawa. Utafiti huo ndio uliozivunjia sanatoria hoja yao duniani. Kutoka hapo njia inafika kwetu: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi, alishirikiana na mpango wa taifa wa Tanzania kuthibitisha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kupitia zahanati na hospitali za kawaida za wilaya, mgonjwa akisimamiwa anapomeza dawa. Mfumo ule ulikuja kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa nchi zote. Sanatoria ya Kibong'oto, chini ya Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 katika zama zilezile za Zonnestraal, haikufungwa. Ilibadilika ikawa hospitali ya magonjwa ambukizi, na tangu 2009 inatibu kifua kikuu sugu kwa dawa.

Lakini madirisha hayakuwa bure, nadhani hapa wengi wetu tulihitimisha haraka. Mwaka 2007 ulitoka utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, uliopima jinsi hewa inavyobadilika ndani ya wodi na vyumba vya kungojea. Majengo yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalipitisha hewa vizuri kuliko ya kisasa, na hata kuliko vyumba vilivyotegemea mashine. Hewa ile haimponyi anayeumwa. Inamkinga aliyekaa naye. Duiker alidhani anamtibu mgonjwa wake kwa upepo. Aliyekuwa akimlinda ni muuguzi, mpishi, na mke aliyekuja Jumapili kumwona mumewe.

Nikilifikiria hilo naona vyumba vya kungojea vya zahanati zetu mpya: dirisha la kioo lisilofunguka, feni ya ukutani, watu thelathini kwenye mabenchi, na mmoja wao, hatumjui yupi, ndiye amekuja kupimwa makohozi.